Mistari Mitatu Niliyoifuta

Kuna siku moja ya mwezi wa kwanza ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Ni hasira juu yangu mwenyewe kwanza, halafu juu ya wengine, na nitakueleza yote kwa utaratibu. Keti. Weka simu hiyo chini kidogo. Ninyi vijana mnamsikiliza mzee kwa sikio moja, la pili limebaki Goma.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa mwandishi wa chama cha watoa damu katika vilima vyetu vya Masisi, na meza yangu ilikuwa ndani ya maabara ya kituo kimoja cha afya ambacho jina lake nitalifunika. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mama akizaa na damu ikikataa kusimama, sisi ndio tunaojua nani katika vijiji vya karibu ana damu ya aina yake, na kama miezi imetosha tangu alipotoa mara ya mwisho. Mwanamume anapumzika miezi mitatu, mwanamke minne. Ukimwita kabla ya wakati, unamwangusha yeye. Ukikosa kumwita, unamzika mwingine.

Zamani majina yalikaa ndani ya daftari. Lakini watu walikimbia vita, daftari zikabaki nyuma, mvua ikazila. Tuliporudi hatukuwa na jina hata moja. Ndipo msamaria mmoja akatupa kompyuta ya kukunja na sahani ya jua ya kuichaji, na kamati ikaniambia mimi, kwa sababu nilikuwa na diploma ya sekondari na kalamu mbili mfukoni, niweke ndani programu ya kutunza majina.

Nilishindwa. Sina haya kulisema hilo, kushindwa si dhambi. Programu ilikuwa inaingia vizuri mpaka mwisho, halafu nikiifungua inakataa. Nikaitoa, nikairudisha. Ikakataa. Siku tano nilikaa mbele ya mashine ile kama mtu anayebisha kwenye nyumba isiyo na watu.

Mtu mmoja wa Mweso akaniambia kuna uwanja kwenye mtandao ambapo watu wa kazi hizo wanaulizana na kusaidiana bure, hata kwa Kiswahili. Rezo ya intaneti, yaani mawimbi ya mtandao, haikufika kituoni. Ilinibidi kupanda mpaka juu, karibu na shule, nisimame pembeni ya mkaratusi mmoja nikiinua simu. Nikaandika: “Programu inakataa, nisaidieni.” Kesho yake nilipopanda tena, nilikuta jibu la mtu aitwaye Mapendo. Hakuweka jina la pili wala picha.

“Kaka, usiniambie tu inakataa,” aliandika. “Niandikie maneno yote inayosema wakati inakataa. Hata kama huyaelewi. Neno kwa neno.”

Nilishuka, nikanakili maneno yale kwenye karatasi kama mtoto wa darasa la kwanza, nikapanda tena. Hivyo ndivyo tulivyoenda, yeye na mimi, siku saba. Ninashuka na jibu lake, najaribu, napanda na swali jipya. Akagundua kwamba ndani ya mashine ile kulikuwa na programu nyingine ya zamani, iliyoachwa nusu na mwenye mashine wa kwanza, nayo ilikuwa imekalia mlango ule ule ambao yetu ilitaka kupitia. Akanionyesha jinsi ya kuiondoa bila kuharibu kitu. Hakunicheka hata siku moja. Nilipokosea alisema, “Hapo hata mimi nilikwama siku nyingi.” Sijui kama ilikuwa kweli au alikuwa ananistiri.

Programu ilipokubali, nikamwomba jambo kubwa zaidi. Nilitaka nikiandika aina ya damu, mashine inipe majina ya watu waliokwisha kupumzika, wa kijiji cha karibu wakianza. Akaniandikia skripti, yaani yale maandishi ya amri ambayo mashine inayasoma na kuyatii. Ilikuja ndani ya ujumbe mmoja mrefu, na juu kabisa kulikuwa na mistari mitatu ambayo mashine inairuka, imewekwa kwa ajili ya macho ya watu. Wa kwanza ulisema: Imeandikwa na Mapendo. Wa pili: Ukiona kosa, niulize kwenye uwanja wetu. Wa tatu: Ukiibadilisha, ongeza jina lako chini ya langu.

Ilikuwa desturi ya uwanja ule kwamba ukisaidiwa unarudi, unaandika kwamba shida imekwisha na ni fulani aliyeimaliza. Jina lake linapata alama moja. Watu wa mbali wanaangalia alama hizo, wanajua nani ni fundi wa kweli. Ni kitu cha dakika mbili.

Sikurudi, mwanangu. Nilipata nilichotaka, nikashuka mlima ule kama mtu aliyetoka kuiba kuku. Asante ya punda ni mateke. Na kabla ya kuonyesha kamati, nilifungua skripti, nikafuta mistari ile mitatu. Sikuandika jina langu mahali pake. Nilijiambia kwamba kwa sababu sikuandika jina langu, sijasema uongo. Tazama jinsi moyo wa mtu unavyojua kujitengenezea kanisa lake.

Siku ya kuonyesha, nilibonyeza, majina yakashuka kwenye kioo yamejipanga. Prezidenti wa chama akauliza mbele ya wote, “Hii ni wewe umeitengeneza?” Nikainamisha kichwa, nikatabasamu. Sikusema ndiyo. Lakini kuna tabasamu inayosema ndiyo kuliko mdomo. Wakapiga makofi. Wakanipa cheti chenye muhuri. Miezi michache baadaye, shirika moja la Goma likatafuta kijana mmoja wa kwenda kufundishwa kazi hiyo majuma sita, na kwa sababu ya cheti kile nikaenda mimi. Nilirudi na viatu vipya na maneno mengi ya Kifaransa. Lakini ile skripti, mstari kwa mstari, bado sikuielewa, na niliona haya kuuliza, maana mtu hawezi kuuliza maana ya kitu alichokiandika yeye.

Sasa ndiyo tunafika mwezi wa kwanza.

Ilikuwa asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Waliniletea jina la Mama Neema, mke wa mkulima mmoja wa kilima cha juu, amezaa salama alfajiri, lakini damu inatoka na haisimami. Aina yake ilikuwa O hasi, ile ambayo watu wachache wanayo. Papa Petro, mzee wa maabara, mtu aliyepima damu tangu mimi sijazaliwa, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nikabonyeza. Mashine ikajibu kwamba hakuna mtu.

Nikabonyeza tena. Hakuna. Nikajaribu aina nyingine, zile za watu wengi. Hakuna, hakuna. Kana kwamba vilima vyote vya Masisi vimehama.

“Faustin,” akasema Papa Petro polepole, “juma iliyopita walikuwa humu. Wameenda wapi?”

Nikasema sijui.

“Ni weye uliandika kitu hii. Ifungue basi, uitengeneze.”

Niliifungua. Maandishi yakajaa kioo, nami nikayatazama kama barua ya lugha nisiyofundishwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu, na siku ile upepo ulivuma kutoka kila upande. Kwenye chumba cha pili nilisikia muuguzi akimwita Mama Neema kwa jina, akimwambia asifumbe macho.

Nikasema narudi. Nikakimbia mlima ule hadi kwenye mkaratusi, pumzi imekwisha, nikafungua uwanja ule niliokuwa nimeukimbia miezi sita. Na juu kabisa, mbele ya maswali yote, kulikuwa na tangazo la Mapendo, limekaa pale majuma matatu. Alikuwa amesema kwamba amegundua kosa lake mwenyewe katika skripti ya tarehe. Inahesabu miezi na kusahau mwaka. Mwaka ukigeuka, itawaficha watu wote waliotoa damu mwaka uliopita, hata kama wamepumzika vya kutosha. Ameweka mstari wa kusahihisha. Na chini yake aliandika: “Kuna kaka mmoja aliniomba hii kwa kazi ya damu. Sijasikia tena habari yake. Anayemjua amwambie anipigie simu, hata saa gani.” Na namba yake.

Majuma matatu alikuwa ananitafuta. Mimi ambaye sikuwa nimemwambia hata asante.

Niliandika mstari ule na namba kwenye kiganja cha mkono, nikashuka. Kituoni, kwenye mlango wa maabara, simu ya sauti ilishika. Nilimpigia, nikaweka simu kwenye spika ili mikono yangu ibaki huru, na Papa Petro alisimama hapo hapo akisikia yote. Sauti ya mwanamke, tulivu, nyuma yake watoto wakiimba hesabu. Nilimweleza kwa maneno machache. Hakuuliza nilikuwa wapi muda wote huo.

“Njo vile niliogopaka,” alisema, yaani ndivyo alivyokuwa ameogopa. “Sikia sasa. Mustari wa kubadilisha ni wa kumi na inne. Uhesabu toka juu kabisa, pale jina yangu iko.”

Nikahesabu. Mstari wa kumi na nne haukufanana na maneno niliyokuwa nayo mkononi. Nikamwambia haufanani.

“Hesabu muzuri. Anza kwa jina yangu.”

Kule ndani muuguzi aliita tena.

“Jina halimo,” nikasema. “Nililifuta. Nilifuta mistari mitatu ya juu.”

Watoto nyuma yake walikuwa wamefika saba mara nane. Papa Petro hakunitazama, alitazama ukuta.

“Basi toa tatu,” akasema Mapendo, na sauti yake haikubadilika. “Badilisha wa kumi na moja.”

Nikabadilisha wa kumi na moja, yeye akinisomea alama moja baada ya nyingine. Nikabonyeza. Majina manne yakatokea. Wa kwanza alikuwa katekista wa Bihambwe, mtu ambaye niliwahi kunywa chai nyumbani kwake. Alikuwepo ndani ya mashine muda wote. Pikipiki ilikwenda kumchukua, akafika na tope mpaka magotini, na wa pili akamfuata. Mama Neema aliishi. Mtoto wake leo ni kijana mwenye ndevu.

Unatabasamu. Usitabasamu bado. Kama damu yake ingekuwa na haraka kidogo zaidi, ningekuwa nimemuua kwa kufuta mistari mitatu. Siyo kosa la hesabu la Mapendo lililokaribia kumuua. Kosa kila fundi analifanya, na yeye alilisahihisha majuma matatu kabla. Kilichokaribia kumuua ni kwamba masahihisho hayakuwa na njia ya kufika kwetu, kwa sababu njia hiyo niliikata kwa mkono wangu ili nipigiwe makofi.

Papa Petro alingoja mpaka yule mama alipopata nguvu. Jioni ya siku ya pili aliniita nje, hapo tunapoanika glavu.

“Uliwaza jina ni mapambo,” aliniambia, “kama kitambaa ya kufunika meza. Jina njo njia ya kurudia kwa mwenye anajua. Uliifunga njia na watu wakiwa ndani.” Halafu akasema, “Miye nilipiga makofi siku ile. Unirudishie makofi yangu.”

Sijawahi kupigwa fimbo iliyouma hivyo.

Nilikwenda kwenye kamati nikasema kweli yote. Na hapa ndipo hasira yangu ya pili inapoanzia. Nilitegemea watanitukana. Nilistahili. Lakini prezidenti alicheka. Alisema niache mambo hayo, cheti kimekwisha kuandikwa, na kazi ya kompyuta haina mwenyewe, ni kama maji ya mto. Nikamwambia kwamba Mapendo ni mwalimu wa Buleusa, kule Walikale, maana nilikuwa nimempigia tena na kuuliza. Mmoja wao akasema watu wa pori wanajua kompyuta wapi, tena mwanamke, na kwa nini sifa ya vilima vyetu iende kwa wengine. Wakubwa, mwanangu! Wenye tai shingoni, wanaoshika viti vya mbele kanisani! Walipotaka skripti hawakuuliza imetoka pori gani. Damu ya katekista ilipoingia kwa Mama Neema, haikuuliza kabila la aliyeiita. Lakini jina la kuandika kwenye karatasi, hilo likawa na kabila, likawa na suruali na sketi.

Niliacha cheti juu ya meza yao, nikatoka. Juma lililofuata nilipanda pikipiki, nikaenda Buleusa kumwomba msamaha uso kwa uso. Njia ile sitakusimulia, kama hujaipita hutaniamini, na kama umeipita huhitaji kuambiwa.

Nilimkuta darasani. Mwanamke mfupi, chaki mpaka kwenye kiwiko, watoto wengi kuliko mabenchi. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, imefungwa kwa raba ya baiskeli ili kioo kisianguke. Alijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kujaribu, kwa sababu alitaka kutunza majina ya watoto wa shule waliotawanyika kwa vita, wazazi wakirudi wajue nani alikwenda wapi. Yote aliyonifundisha aliyapata hivyo, bila mwalimu.

Nilisema nilichokuja kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua.

“Mwaka uliopita niliandikia shirika moja ya Goma. Walikuwa wanatafuta mutu wa kufundisha majuma sita. Waliniuliza, ni kazi gani umeshafanya, na nani anaijua? Niliwatumia skripti ya damu.” Alifuta chaki mkononi. “Walinijibu kama ile skripti ni ya kijana mumoja wa Masisi, na wamekwisha kumuchagua.”

Mwanangu, nilitafuta mahali pa kuweka macho yangu. Kile kiti cha Goma kilikuwa chake. Nilikikalia mimi, nikala chakula chake majuma sita, nikarudi na viatu. Nami nilidhani nimeiba mistari mitatu tu.

Nilimwomba aniambie nifanye nini. Alisema nimrudishie mistari yake pale juu. Na kisha alisema kwamba kwenye uwanja ule kuna watu wengi wanaouliza na wachache wanaojibu, wengi wanachukua na kwenda, naye amechoka. “Ukiwa na haya ya kweli,” alisema, “usinililie. Kuja tujibu watu pamoja.”

Nikafanya hivyo. Nilikwenda Goma mwenyewe, nikasimama mbele ya wale wa shirika, nikawaeleza. Waliniandikia barua ya kumtambua, karatasi nzuri, lakini mafunzo hayakurudiwa mwaka ule, na mwaka uliofuata barabara ilifungwa kwa vita. Kiti kile hakikumrudia kamwe. Hilo nalo ulijue. Kuna vitu unaweza kukiri, ukasamehewa, na bado usiweze kuvirudisha. Papa Petro alichukua rangi akaandika jina la Mapendo ukutani kwenye chumba cha kutolea damu, bila kuuliza kamati, na hakuna aliyethubutu kulifuta. Alama zake kwenye uwanja nilizidai kwa kila mtu niliyejua kwamba alisaidiwa naye, kama mtoza ushuru. Wengine walinijibu kwamba ninasumbua. Niliwasumbua zaidi. Na mimi nilianza kujibu maswali, kwanza yale mepesi, ya programu inayokataa kufunguka, na maneno ya kwanza niliyomwandikia mgeni yalikuwa yale yale: niandikie inachosema, neno kwa neno. Ndani ya miaka hiyo ndipo nilipojifunza kazi ambayo cheti kilisema naijua.

Sasa sikiliza nasaha yangu, maana nimekuona wiki hii. Umetengenezewa kitu na mtu, umekileta nyumbani, nimekuuliza nani alikifanya, ukainamisha kichwa ukatabasamu. Naijua tabasamu hiyo. Nilikuwa nayo.

Mtu akikusaidia, rudi. Rudi siku hiyo hiyo, kabla utamu haujakulevya, useme imekwisha, na umtaje. Usijiambie kwamba yuko mbali, hatajua. Jina la mtu usilifute kwenye kazi yake hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni wa pori, wa mlima, mwanamke, mtoto au adui yako, kwa sababu hujui siku gani utahitaji kuhesabu kuanzia pale. Ukiulizwa kitu usichokijua, sema sijui mdomo ukiwa wazi. Aibu ya kuuliza hupita kabla ya chakula cha mchana. Na wakubwa wakikuambia nyamaza, sifa ibaki kwetu, wewe usinyamaze. Sifa ya namna hiyo ni deni juu ya kichwa cha mtu usiyemjua, na kuna siku atakuwa mwalimu fulani kule Buleusa, amesimama na chaki yake, akisoma barua inayomwambia kwamba kazi yake ni ya mwingine.

Simama sasa. Nenda kamwandikie huyo aliyekusaidia, kabla hujala. Mungu wa mama zetu akupe mikono inayojua kazi na ulimi usioona haya kusema ni ya nani. Akupe watu wa kukujibu unapokwama, na akufanye wewe kuwa jibu la mwingine. Unapokwenda, jina lako likutangulie likiwa safi, na popote utakapolikuta jina la mwenzako, uliache likiwa pale pale. Nenda na amani.